Bluberi na Majivu ya Mama Mkwe

Kama kuna neno lililomchosha Shivachi mwaka ule, ni neno jivu. Ungeingia kwenye kibanda chake cha kinyozi pale sokoni Malinya, ukae kwenye kile kiti ambacho mguu mmoja umefungwa kwa waya, ufungwe shuka shingoni, na kabla hajamaliza upande mmoja wa kichwa ungekuwa umeshaanza kumshauri. "Shivachi, nasikia ile miti yako ya kizungu inageuka manjano. Si uweke tu jivu?" Hapo mashine ingesimama juu ya utosi wako. Ungemsikia akivuta pumzi kwa pua. Kisha angekunyoa kimya mpaka mwisho, na kimya cha Shivachi kilikuwa adhabu, kwa maana huyu ni mtu anayeongea tangu anapofungua mlango asubuhi mpaka anapofunga jioni.

Lakini angewafanyaje? Pale kwetu jivu ni dawa ya kila kitu. Sukuma wiki ikiingiwa na wadudu, jivu. Mgomba ukikonda, jivu. Choo kikinuka, jivu. Mtu anaweza kukosa chumvi nyumbani kwake lakini jivu hakosi, na anaona uchungu kulitupa bure. Sasa utamwelezaje mtu kama huyo kwamba kuna mti duniani ambao ukiupa jivu unakufa?

Tumjue kwanza mwenyewe. Baba yake Shivachi alikuwa mtu wa fahali. Fahali wake alipokuwa akitoka kwenda kupigana na fahali wenzake, watu walimsindikiza kwa filimbi na matawi, na jina la mzee lilitajwa mpaka ng'ambo ya mto. Mwanawe anaogopa ng'ombe dume hata aliyefungwa kamba. Hajawahi kuficha jambo hilo. Alichopenda tangu utoto ni kupanda kitu mbele ya nyumba na kukikata kikakaa sawa. Ua wake wa michongoma ameuchonga kona kwa kona kama kichwa cha bwana harusi, na maua yake yamepangwa kwa rangi. Wateja humwuliza, "Fahali wako anaendeleaje? Amechanua?" Naye hucheka pamoja nao. Maua yake aliweza kuchekewa na watu wote. Lakini bluberi, ile miti ya kizungu ya vitunda vya buluu, hakutaka mtu azicheke, na kisa ni Mitchel.

Mitchel ni binti yake, mtoto wake wa pekee, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifanya kazi mbali, kule kwenye baridi ya mlima, katika shamba linalokuza bluberi za kupelekwa ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kuchagua matunda na kuyafunga kwenye vikopo vya plastiki. Pasaka moja alikuja nyumbani na katoni yenye miche, kila mmoja umefungwa gazeti lenye unyevu, akampa baba yake masharti. Bluberi zinataka udongo mchachu. Zinataka maji ya mvua. Zinataka majani makavu ya msonobari na vumbi la mbao lililooza. Mbolea ya ng'ombe mbichi, hapana. Chokaa, hapana. Jivu, Baba, usithubutu.

"Udongo uwe mchachu?" mkewe Shivachi, Muhonja, aliuliza akicheka mpaka akashika ukuta. "Kwani tunagandisha maziwa?"

Mitchel hakucheka. Alimwambia baba yake, wakiwa wameinama wote wawili juu ya shimo la kwanza, "Hizi zikizaa kwenye udongo wetu, mimi nitaacha kufunga matunda ya watu. Nitarudi hapa tulime zetu."

Shivachi alipiga jembe tu. Lakini maneno yale aliyaweka moyoni na hakumwambia mtu. Nyumba ilikuwa imepoa tangu msichana aondoke. Yeye na Muhonja walikuwa wameshaambiana yote waliyokuwa nayo, wakabaki kuulizana habari za kuku.

Basi akafanya kazi kama mtu aliyerogwa. Siku za kibanda kufungwa alipanda pikipiki mpaka upande wa Isecheno, kwenye misonobari iliyopandwa kando ya msitu, akaomba ruhusa, akajaza magunia majani makavu. Watu wakamwona akirudi amekumbatia gunia nyuma ya pikipiki, wakauliza kama siku hizi anafuga mbuzi. Aliokota vumbi la mbao kwa seremala, akalinda pipa la maji ya mvua kama pipa la pombe. Na vile vichaka vikampenda! Vilitoa majani ya kijani kibichi, mwaka uliofuata vikatoa vijiua vyeupe vilivyoinamisha vichwa, na mwishowe vijitunda vya kijani, vigumu, vimeshikana kwenye matawi. Shivachi akawa anavitembelea kabla ya kunawa uso. Mitchel akasema kwenye simu kwamba angekuja mwenyewe Desemba, vikiwa vimeiva.

Ndipo mama mkwe akaja.

Mama yake Muhonja alikuwa anapoteza macho. Kila kitu alikiona kwa ukungu, na ilibidi awe karibu na hospitali ya Kakamega mjini apate kuangaliwa mara kwa mara. Hakukuwa na pengine pa kukaa isipokuwa kwa binti yake. Hapo palikuwa na tatizo, maana mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Siku hizi wako wanaosalimiana na wakwe zao hata kwa mkono, wakapiga na picha, lakini mama huyu ni wa zamani hasa. Tangu Shivachi amwoe Muhonja, yeye na mama mkwe hawakuwahi kusemezana neno. Hata moja. Habari zao zote zilipita kwa Muhonja, au kwa Mitchel alipokuwa nyumbani. Basi mama akawekwa jikoni, kile chumba cha udongo kilicho peke yake ng'ambo ya ua, na sheria zikawekwa: Shivachi akifika langoni anakohoa, mama anaingia jikoni. Mama akitaka kutoka anagonga sufuria, Shivachi anageukia ukutani. Mtu mzima, mwenye boma lake, anasimama akitazama ukuta na mswaki mdomoni. Alivumilia. Alimheshimu mama yule, na alijua kwamba Mitchel alilelewa mgongoni mwake.

Wiki kadhaa baadaye majani ya bluberi yakaanza kugeuka. Yaligeuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Shivachi akaongeza majani ya msonobari. Yakazidi kuwa manjano. Akashuku pipa, akalisugua. Akashuku mbuzi wa jirani, akagombana na jirani bure. Akashuku hata maji ya sabuni ya Muhonja. Vijitunda vikaanza kuanguka kimoja kimoja vikiwa bado kijani, naye akawa anaviokota na kuvitia mfukoni, sijui alitaka kuvifanyia nini. Mitchel alipopiga simu kuuliza, alijibu, "Ziko sawa! Ziko sawa kabisa!" kwa sauti kubwa mno. Na sokoni kila kichwa alichokishika kikamwambia, jivu, jivu, jivu.

Siku moja stima ilipotea soko zima. Kinyozi bila stima ni mtu wa kukaa tu, kwa hiyo Shivachi akafunga akaenda nyumbani mapema. Alipokaribia ua wa michongoma, akasikia mtu akinong'ona upande wa pili. Akachungulia.

Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kichaka cha kwanza. Ni lazima ujue kwamba mama huyu ni fundi wa munyu, ile chumvi ya kienyeji. Anachoma maganda makavu ya maharagwe, anatia majivu yake kwenye mkebe uliotobolewa chini, anamimina maji, na yale maji yanayochuruzika ndiyo yanalainisha kunde na mrenda mpaka mtu anajiuma vidole. Majivu yanayobaki mkebeni yana ukali wake bado. Na mama alikuwa ameushika mkebe huohuo. Alipapasa kichaka kwa mkono, akalifuata shina mpaka chini, akayafukua majani ya msonobari taratibu, akamwaga jivu bichi kuzunguka shina lote, akalifunika tena vizuri kwa yale majani. Kisha akasogea kwa magoti mpaka kichaka cha pili.

Shivachi alifungua mdomo. "Ma—" ikaja mpaka kwenye meno, ikakwama. Mkwe hamwiti mkwe. Akashika miiba ya ua kwa mikono yote miwili. Mwishowe alifanya kitu pekee alichoruhusiwa kufanya: akakohoa. Alikohoa kama mtu wa kifua kikuu. Mama akashtuka, akajifunika leso kichwani, akakimbilia jikoni akipapasa ukuta, na mkebe akauacha palepale, ukamwagika wote.

Jioni hiyo alimkalisha Muhonja kitako.

"Mama yako anaua miti yangu."

"Mama yangu hawezi kuua hata panya."

"Anaweka jivu! Kila siku anawekanga jivu! Nimemwona kwa macho yangu!"

"Kwani jivu ni sumu?"

"Kwa hii miti ni sumu! Mitchel si alisema ukiwa umesimama hapa, ukacheka?"

"Baba Mitchel, yule ni mgonjwa. Hana macho. Ananiambia anaona aibu kula kwa mkwe bila kushika kazi. Kazi pekee aliyopata ndiyo hiyo. Sasa niende nimwambie amekuja kuharibu boma la mkwe? Si atabeba nguo zake aondoke leo hii?"

"Mwambie kwa adabu. Lakini mwambie."

Muhonja akaenda. Alipitia mlango wa jikoni akiwa na sentensi nzuri kabisa, lakini adabu ikamzidi. Alichosema, na hili lilikuja kujulikana baadaye, ni hiki: "Mama, Baba Mitchel anasema asante sana kwa kazi ya pale kwenye miti. Anasema usijichoshe." Sasa wewe ni mzazi, umeambiwa mkwe wako ameiona kazi yako na anashukuru. Utapumzika? Kesho yake mama aliwatuma watoto wa jirani wamletee maganda zaidi ya maharagwe.

Shivachi alipoona jivu limeongezeka alikaa chini kwenye nyasi. Alikaa hapo muda mrefu. Alifikiria kumpigia Mitchel, akatoa simu, akairudisha. Angemwambia nini? Kwamba miti inakufa? Basi si atakuwa amemwambia asirudi?

Akakumbuka njia moja ya wazee. Mtu asiyeweza kusema na mkwe wake husema na kitu kingine mkwe akisikia. Palikuwa na jogoo mwekundu akichakurachakura kwenye maua. Shivachi akasimama katikati ya ua, akasafisha koo, akapaza sauti kuelekea jikoni.

"Wewe jogoo! Sikiliza! Haya mambo ya majivu hapa kwenye miti siyataki! Miti inaharibika! Nisiyaone tena!"

Jikoni sufuria ikagongwa kwa heshima, maana yake nimesikia. Shivachi akaenda kibandani akipiga mluzi. Siku hiyo alimnyoa Wekesa, mtu wa fahali asiyekwisha maneno, na Wekesa alipotaja jivu, Shivachi alicheka akamwambia, "Hayo yameisha, ndugu yangu."

Jioni alikuta obusuma, yaani ugali wetu, umepangwa mezani, na ingokho, kuku wa kienyeji, kwenye bakuli, mchuzi unang'aa, firigisi imewekwa juu kabisa upande wake, kama inavyopasa kwa mwenye boma.

"Leo kuna mgeni?" aliuliza.

"Mama ameniambia nimchinje yule jogoo," Muhonja akasema. "Anasema amekusikia asubuhi ukilia kwamba jogoo anachakura majivu anayatawanya. Amesikitika sana. Ameweka mengine."

Shivachi akaitazama ile firigisi. Alitaka kuitupa nje, lakini njaa ilikuwepo, akaila. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Desemba ikafika, na Mitchel akafika nayo. Alishuka langoni na begi moja, akamkumbatia mama yake, akamkumbatia baba yake, na kabla hata ya chai akaenda mbele ya nyumba. Shivachi akamfuata polepole, mikono nyuma. Vichaka vilikuwa vijiti. Kimoja tu, kile cha mwisho karibu na njia, kilikuwa na majani machache ya manjano, na hakuna tunda lolote popote.

Mitchel alichuchumaa. Akafukua kidogo, akachukua udongo, akausaga kwenye vidole. "Baba. Hili ni jivu."

"Ndiyo."

"Nilikwambia jivu hapana."

"Uliniambia."

"Kwa nini hukunipigia simu?"

Hapo ndipo Shivachi alipoona ujinga wake wote. Mitchel alikuwa na ruhusa ya kumwambia bibi yake lolote. Mjukuu na bibi ni watu wa utani, wanaweza hata kutukanana wakicheka. Simu moja tu ingetosha. Simu ilikuwa mfukoni mwake miezi yote ile, nayo ilikuwa imekaa na vijitunda vilivyokauka.

Kabla hajajibu, mlango wa jikoni ulifunguka na mama akatoka amebeba mkebe wake. Hakugonga sufuria. Alikuwa amesikia sauti ya Mitchel, furaha ikamsahaulisha, na kwa macho yale hakuona kwamba mkwe wake amesimama palepale kando ya ua.

"Mitchel! Mjukuu wangu! Umeona miti yako? Kila asubuhi naipa chakula. Mama yako aliniambia, alikusikia ukisema hii burubeli ikizaa, utarudi nyumbani. Nikasema basi, nitaitia nguvu mimi mwenyewe, izae haraka, urudi nikuone kabla hii macho haijafunga. Sijui imefika wapi, mimi naonanga giza tu. Imezaa?"

Mitchel aligeuka akamtazama baba yake.

Shivachi alikuwa na ile sentensi tayari. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye kioo cha kibanda, mashine ikiwa imezimwa: Mama, majivu yanaua miti. Maneno mawili matatu tu. Akamtazama mama yule aliyeinua uso kuelekea upande usio na mtu, majivu yamemjaa mpaka kwenye viwiko, na akajua kwamba katika boma zima ni wao wawili tu waliokuwa wakiamka kila siku kwa ajili ya vichaka hivi. Akafungua mdomo.

"Asante, Mama," akasema.

Mkebe ukaanguka. Mama akajitupia leso usoni, akageuka, akagonga bega kwenye mlango, akaingia ndani. "Uuuwi!" ikasikika kutoka jikoni. "Mkwe amesema na mimi! Muhonja! Uuuwi, mkwe amesema na mimi!" Muhonja akatoka mbio na mwiko mkononi, akadhani kuna nyoka. Shivachi alikuwa amegeukia ua wa michongoma, amesimama kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Mitchel hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili.

Na unadhani asubuhi iliyofuata palitokea nini? Jivu. Jivu jipya, la moto bado, limerundikwa kwenye kile kichaka cha mwisho chenye majani. Mkwe mwenyewe alikuwa ameshukuru kwa mdomo wake!

Shivachi alishika kichwa. Mitchel alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni, akasimama na mikono kiunoni, akamwita bibi yake kwa lugha ya nyumbani. "Kukhu! Wewe kizee, sikiliza. Hii miti haili jivu. Jivu linaiua. Umeiua yote, imebaki mmoja."

Sauti ya mama ikatoka, imejaa mshangao mtupu. "Woi! Sasa si mngesema?"

Shivachi, aliyekuwa nyuma ya nyumba na mswaki mdomoni, alipiga ukuta kwa kiganja. Si mngesema! Alikuwa amesema kwa mkewe, amesema kwa jogoo, amemla jogoo!

"Na baba yako," mama akaendelea kutoka jikoni, "muulize. Ile asante ya jana ilikuwa ya nini?"

"Baba! Kukhu anauliza asante ilikuwa ya nini!"

"Nimesikia, si kiziwi," Shivachi akasema kutoka nyuma ya nyumba. Akatema povu la dawa ya meno. "Mwambie... mwambie ni kwa vile alitaka urudi. Nilidhani ni mimi tu."

"Nimesikia," mama akasema, kabla Mitchel hajafungua mdomo. "Mwambie ni sawa."

Mitchel akasimama katikati ya ua. Akatazama kushoto kuliko na jikoni, akatazama kulia ilikokuwa kona ya nyumba, akatazama miti yake. "Nyinyi watu," akasema, "mkiachwa peke yenu mtaua na mgomba." Akaita mama yake amletee jembe na karai, akaanza kuliondoa jivu kwenye kile kichaka cha mwisho kwa mikono, taratibu, mizizi isikatike. Alipochoka akajinyoosha, akatoa simu, akampigia rafiki yake anayelala naye chumba kimoja kule kazini, akamwomba amfungie nguo zake na blanketi, azipakie kwenye basi lolote linalokuja upande wa Kakamega.